Kabla Hujatia Sahihi, Jua Unauza Nini

Siku nilipoachishwa kazi, nilipoingia chumbani nilikuta karatasi zimeshapangwa mezani. Kurasa sita, ule wa mwisho umewekwa juu, na kalamu imelazwa kando ya mstari wa sahihi. Afisa utumishi aliongea nami kwa upole, na mpaka leo naamini upole ule ulikuwa wa kweli. "Ni utaratibu tu," akasema. "Ukisaini leo, malipo yataingia wiki ijayo." Mimi macho yangu yalikuwa yameganda mahali pamoja, palipokolezwa wino: mshahara wa miezi mitatu.

Nilikaribia kusaini. Moyo unakwenda mbio, kichwani kuna kodi ya nyumba na ada za watoto, na mtu mwenye hali hiyo hasomi, anatafuta mlango wa kutokea. Nikaomba niende nazo nyumbani. Hilo ndilo jambo moja nililolifanya sawasawa siku ile.

Mkataba wa kuachana kazini ni biashara. Mwajiri ananunua na wewe unauza, na unachouza ni haki yako ya kumdai au kumpeleka mahakamani. Ndiyo maana swali la kwanza si "ni kiasi gani?" bali ni hili: katika fedha hizi, zipi ni bei ya sahihi yangu, na zipi zilikuwa zangu tangu mwanzo?

Usiku ule nilikaa na kalkuleta. Katika ile miezi mitatu, mmoja ulikuwa malipo ya notisi, ambayo mkataba wangu wa ajira ulikuwa umeshaniahidi. Nilikuwa na siku 22 za likizo nisizozichukua, na siku 22 za kazi ni kama mwezi mzima. Nazo walikuwa wamezijumlisha humo humo. Ukiziondoa hizo unabaki mshahara wa mwezi mmoja. Kwa mwezi huo mmoja nilitakiwa niachilie madai yote, "yanayojulikana na yasiyojulikana", tena nisiajiriwe na mshindani wao yeyote kwa miezi 12. Kifungu hicho nilikirudia mara tatu. Mwaka mzima nje ya kazi pekee ninayoijua, kwa mshahara wa mwezi!

Kinachoniuma ni kwamba watu wengi hupewa stahiki zao kama zawadi, wakashukuru, wakasaini. Kiinua mgongo mara nyingi ni cha kisheria. Tanzania, sheria ya ajira ya 2004 inamweka mfanyakazi anayestahili kwenye angalau mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka aliokamilisha, mwisho miaka 10. Kenya, sheria ya 2007 inataka anayepunguzwa kazini alipwe si chini ya siku 15 kwa kila mwaka. Kwingine hesabu ni nyingine, kwa hiyo tafuta ya nchi yako kwanza, uiandike kwenye karatasi, kisha ndipo uulize wameongeza nini juu yake. Kama hawakuongeza kitu, wanataka uwape haki zako bure.

Halafu hilo neno "leo". Silipendi hata kidogo. Marekani, tangu 1990, mfanyakazi wa miaka 40 na zaidi hawezi kuachilia kihalali madai ya ubaguzi wa umri mpaka apewe siku 21 za kutafakari, au 45 kama wanaondolewa kwa kundi, na akishasaini ana siku 7 za kubadili nia. Uingereza, mkataba wa namna hii haufungi madai ya kisheria ya mfanyakazi mpaka awe amepata ushauri wa mshauri asiye upande wa mwajiri. Sheria hizo zinajua jinsi mtu anavyokuwa saa ile ya kwanza. Hata pale ambapo sheria iko kimya, kuomba siku chache si ukorofi.

Yapo na mengine ya kutazama: sharti la kutosemana vibaya linalokufunga wewe peke yako, siri pana kiasi kwamba huwezi hata kumweleza mwenzi wako, au kurudisha fedha zote ukikosea kifungu kimoja.

Najua wapo watakaosema njaa haingoji. Ni kweli, nami nilikuwa na njaa hiyo. Lakini mshahara wa siku ulizofanya kazi na likizo ambayo hukuichukua havipaswi kusubiri sahihi yako; vidai kwa maandishi, vilipwe kando, ili upate cha kushika wakati unasoma.

Mimi niliomba siku kumi, nikapewa saba. Mwanasheria wa kazi alinisomea kurasa zile kwa saa moja, na nikaandika barua fupi yenye maombi matatu. Nyongeza ya fedha walikataa. Kile kifungu cha miezi 12 kilishuka hadi mitatu, tena kwa wateja niliowahudumia mimi tu. Na barua ya utumishi, yenye cheo changu sahihi na miaka yangu yote, iliambatanishwa kama ukurasa wa saba. Nikasaini siku ya saba, jioni.