Hasara ya nyumba yangu iliandikiwa herufi L

Mwaka jana, msimu wa kodi, nilikaa kwenye ofisi ndogo hapa Texas, imebanwa kati ya kinyozi na duka la simu, mbele ya mama mmoja wa Kikongo anayetujazia fomu Waswahili wengi wa huku. Nilimpa bahasha mbili. Ya kwanza ilikuwa ya hisa nilizouza kwa hasara ya dola 1,900. Ya pili ilikuwa ya nyumba.

Nyumba hiyo niliinunua pembezoni mwa Austin mwaka 2022, wakati watu wakizigombania kama maji ya bomba baada ya mgao. Nikatoa 462,000. Bei zikaporomoka, kazi ikanihamisha, na mwaka 2024 nikaiuza kwa 398,000. Ukiondoa fedha ya dalali na gharama nyingine, nilikuwa nimepigwa kama 85,000.

"Hizi hisa zitakupunguzia kodi," mama akaniambia. "Nyumba hapana, kaka yangu. Nyumba ulikuwa unailalia."

Ndivyo sheria ya Marekani inavyosema. Hasara ya hisa unaikata kwenye faida nyingine, na ikibaki unakata hadi dola 3,000 kwa mwaka kwenye mapato yako, inayozidi unaisogeza mwaka unaofuata. Nyumba unayoishi inahesabiwa kama sofa au gari la familia: umeitumia, imechakaa thamani, shauri yako. Dalali aliyeniuzia alitaja neno "uwekezaji" kila alipofungua mlango wa chumba. Mamlaka ya kodi haijawahi kunitamkia neno hilo.

Kwenye grupu letu la WhatsApp jamaa aliniambia ningeipangisha kwanza mwaka mmoja ndipo niuze, ingekuwa biashara. Wengi wanaamini hivyo. Lakini siku unapoigeuza ya kupangisha, hesabu ya hasara huanzia kwenye gharama yako au bei ya soko ya siku hiyo, ile iliyo ndogo. Kama ilishashuka hadi 400,000, zile 62,000 zimekwenda na maji. Kinachohesabika ni kitakachoshuka baada ya hapo.

Kuna wanaolalamika kwamba serikali inagawana nawe faida na kukuachia hasara. Hapo siwaungi mkono. Tangu 1997, ukiwa umemiliki nyumba na kuishi humo miaka miwili kati ya mitano kabla ya kuuza, faida ya hadi 250,000 haitozwi kodi, na kwa wanandoa wanaojaza fomu pamoja ni 500,000. Wengi wetu hata tukibahatika hatufiki huko. Kudai msamaha wa faida na hapohapo fidia ya hasara ni kutaka kula huku na huku.

Kinachonikera ni kingine. Sheria hiyohiyo, kwa mtu aliyeuza kwa faida kabla ya kutimiza miaka miwili, inamuuliza: kwa nini umehama? Akijibu kazi imempeleka mbali, au ugonjwa, anapewa sehemu ya msamaha. Kumbe wanajua kwamba mtu anaweza kuuza nyumba bila kupenda! Ila swali hilo wanamuuliza aliyepata tu. Mimi niliyehamishwa na kazi ileile, nikauza kwa kuharakishwa, sikuulizwa. Sidai 85,000 zote. Wangeniruhusu zile 3,000 kwa mwaka, kama mtu wa hisa, kwa aliyehama kwa sababu wanazozikubali wenyewe, ningenyamaza.

Na kimya nacho hakiruhusiwi. Nilikuwa nimetumiwa fomu 1099-S yenye bei ya mauzo, ambayo mamlaka ya kodi nayo hupata nakala yake, kwa hiyo ilibidi mauzo yaonekane, wasije wakadhani 398,000 zote ni faida. Mama akageuza skrini nione. Safu moja: nilichouzia. Inayofuata: nilichonunulia pamoja na zile gharama. Kisha herufi L, maana yake hasara usiyoruhusiwa kuikata, na pembeni yake 85,000 zikarudishwa kwa alama ya kujumlisha. Mwisho wa mstari kulikuwa na sifuri. Akaniuliza kama nalipa kwa kadi.