Nimetoka Kisiwani Kwenda Kununua Maji

Nisaidieni hesabu hii, mimi imenishinda. Mombasa ni kisiwa. Shika njia yoyote unayotaka, ukichoka kutembea umefika majini. Kuna bahari Mama Ngina, kuna bahari Mji wa Kale, na kuna ile ya Likoni ya kuvuka kwa feri, inayokuchelewesha kazini kila siku. Maji yote hayo ni ya Mungu, hayana geti wala bangili ya karatasi ya kuvaa mkononi. Na bado Jumamosi nimetoa hela zangu, nikabeba familia, nikatoka kisiwani kwenda bara kulipia maji.

Wazo halikuwa langu. Jumamosi yangu mimi ina ratiba: supu, kinyozi, baraza, mpira. Mke wangu ndiye aliyeona kwenye simu picha za jirani na wanawe wamelowa, wanacheka. "Baba Fatuma, shule zimefungwa. Asubuhi tuwapeleke Ngomeni wakaone historia, mchana tukawaogeshe kule bara kwenye mabwawa ya michezo." Akalisema hilo mbele ya mamake aliyetoka Lamu kuja kutujulia hali. Mbele ya mkwe mwanamume hasemi hapana. Nikasema inshallah, na nyumbani kwangu inshallah yangu huhesabiwa kuwa ni malipo ya awali.

Haya, Ngomeni. Nimezaliwa Majengo, nimepita nje ya Fort Jesus tangu nikiwa nabebwa mgongoni, sijawahi kuingia. Ya nini? Wazee wetu walikuwa wakiomba Mungu wasiingizwe! Mwingereza aliifanya gereza tangu 1895 mpaka 1958. Kuna mzee wa mtaani kwetu, Mungu amrehemu, alikuwa akisimulia alivyolala mle ndani kwa ajili ya kodi. Yeye aliingia bure, akapelekwa kwa gari na chakula akapikiwa. Mimi nimekwenda kwa nauli yangu, nikalipa mlangoni, na maji ya kunywa nikajinunulia.

Mamamkwe hakutishika. "Hata yetu Lamu ilikuwa gereza," akasema, "na sisi tulifunga watu mpaka 1984." Akalisema kwa fahari kabisa, utadhani funguo alikuwa nazo yeye.

Tukapata kijana wa kutuongoza, mwenye heshima zake. Akaeleza kwamba Wareno walianza kujenga mwaka 1593, na mchoraji alikuwa Mtaliano, Giovanni Battista Cairati, na kwamba alifuata vipimo vya mwili wa binadamu. Ukiitazama kutoka juu utaona kichwa, mikono na miguu. Mamamkwe akauliza, "Na tumbo liko wapi?" Sikupenda namna wote walivyonigeukia.

Lakini pale penye michoro ndipo nilipovunjiwa heshima. Wiki iliyopita mwanangu Athumani alichora matatu kwenye ukuta wa sebuleni kwa makaa, yenye spika mbili na utingo ananing'inia mlangoni. Nikamfokea mpaka majirani wakaja kuamua. Sasa tumesimama mbele ya ukuta ambao askari wa Kireno wameuchafua kwa makaa na udongo mwekundu, wamechora merikebu zao na watu na visivyoeleweka, na ukuta huo umehifadhiwa, watu wanatoka Ulaya kuja kuutazama. Athumani akatazama merikebu. Akanitazama mimi. Akarudi kwenye merikebu. "Baba, hawa nao walifokewa?"

Nikamwambia tuendelee, kuna mengi ya kuona.

Kijana akaingia kwenye habari ya kuzingirwa. Waomani waliizunguka ngome tangu 1696 hadi Desemba 1698, njaa na maradhi vikawamaliza waliokuwa ndani, na waliobaki hai siku Waomani wanaingia walikuwa wa kuhesabika. Alikuwa anaeleza vizuri, hata mimi nikaanza kuwahurumia. Basi hapohapo Fatuma akasema ana njaa. Mdogo wake naye ana njaa. Chapati walizokula asubuhi zilikuwa bado hazijafika tumboni! Ngome ile wangepewa hawa waishike, Waomani wangekuwa wameshamaliza kazi kabla ya adhuhuri.

Ndani ya jumba la makumbusho kuna vyombo vilivyotolewa kwenye Santo António de Tanná, merikebu ya Wareno iliyozama hapo mbele ya ngome mwaka 1697. Mamamkwe akasimama mbele ya kioo muda mrefu. Nikadhani ameguswa. "Sahani hii nilikuwa na mwenziwe," akasema. "Nilimwazima jirani siku ya arusi, hakuirudisha mpaka leo." Kitinda mimba wangu yeye hakujali Mreno wala Mwomani. Alichotaka ni ile mifupa ya nyangumi, na swali lake lilikuwa moja: nani aliyekula nyama yote hiyo peke yake?

Hapo gharama zilikuwa bado zinafunga viatu. Kwenye maji ndiko zilikoanza mbio.

Getini wanapekua mikoba. Mamamkwe alikuwa amekesha jikoni: pilau ndani ya hotipoti, viazi vya karai, mahamri, chupa ya chai. Mlinzi akasema chakula cha nje hakiingii. Mamamkwe akamshika mkono. "Mjukuu wangu, wewe umekula?" Kijana wa watu akababaika, lakini sheria ni sheria, pilau ikabaki kibandani kwake. Jioni tulirudishiwa hotipoti nyepesi sana. Ndani nikanunua chipsi kavu kwa bei ambayo Mwembe Tayari ningekula na kuku, nikanywa na soda, na chenji nikarudishiwa.

Kisha nguo. Kumbe kaptula yangu haifai, ni ya pamba, na pamba hairuhusiwi. Lakini usiwe na wasiwasi, hapohapo kuna dirisha la kukodisha. Wakanipa ya maua, ya njano, iliyoshonewa mtu ambaye hajaoa. Kabati la kuwekea vitu nalo ni la kulipia. Nikakataa katakata! Basi kabati nikawa mimi: viatu vya watu sita, simu, mabuibui, miwani ya mkwe, vyote mapajani.

Nimekaa hapo nikasikia king'ora. Watoto wakapiga kelele, wakakimbilia kwenye bwawa moja kubwa. Eti mawimbi yanakuja. Jamani! Kuna mashine imefungwa mahali, inakula umeme, kazi yake ni kutengeneza mawimbi, na Bahari ya Hindi iko hapo chini, inayapiga usiku na mchana tangu dunia iumbwe, na hakuna aliyewahi kuiletea bili.

Mamamkwe alianza kwa kuchovya miguu tu. Baadaye wakampatia vazi la kuogea la heshima, refu, la kukodi (mnajua aliyelipa), wakamkalisha kwenye boya la duara, wakamsukumia kwenye ule mfereji unaozunguka polepole. Akaupenda. Kila akipita mbele yangu ana neno. Mzunguko wa kwanza: "Mwanangu, koo limekauka." Nikainuka na mizigo yangu, nikanunua soda, kurudi ameshapita. Nikamfuata kwa mbio kandokando ya maji, chupa mkononi, kaptula inalia kwenye mshono. Firimbi ikapigwa. Kijana wa uokoaji juu ya ngazi yake ananinyooshea kidole: mzee, hakuna kukimbia!

Nikasimama. Watu wote wananitazama, wangu nao wakageuka upande mwingine kama hawanijui. Mamamkwe akaja tena, ametulia kwenye boya lake, akapokea soda, akaionja.

"Ya moto," akasema. Na alipokuwa anaondoka na maji, akageuza shingo: "Hebu waulize, na kesho wako wazi?"