Kabla hujabeba bomba, ingia shambani uhesabu

Kwetu Meatu, mkoani Simiyu, jirani akipulizia pamba dawa ya wadudu, nawe unapulizia. Baba mdogo alilima hivyo miaka yote. Akisikia tu bomba la jirani linalia alfajiri, analichukua lake, anajifunga kitambaa mdomoni, anaingia shambani. Kitumba, yaani tunda la pamba, hata kimoja hajakikagua.

Msimu mmoja tulipulizia mara tatu, na bado majani yakajikunja, yakang'aa kama yamepakwa samli. Wadudu mafuta walijaa chini ya kila jani. Baba mdogo akasema dawa ni feki. Feki zipo, simbishii. Ila nilipogeuza yale majani sikuona hata mmoja wa wale wadudu wekundu wa mviringo, wenye madoa meusi, tuliozoea kuwatembeza viganjani utotoni. Hao ndio wanaowala wadudu mafuta. Tulikuwa tumewaua kwa mikono yetu.

Tangu siku hiyo napinga kupulizia kwa kumfuata jirani au kalenda, bila kukagua. Nondo wa funza wa vitumba hutaga usiku, yai moja moja, jeupe, dogo kuliko punje ya ulezi. Funza akianguliwa hukaa nje siku chache tu, kisha anatoboa kitumba. Akishaingia ndani, dawa unamwagia ganda. Siku zile chache ndizo zinazookoa pamba, na huwezi kuzijua ukiwa umekaa nyumbani. Pita shambani kila wiki, katiza huku na huku, kagua mimea 30. Tumia ubao wa kuhesabia, wenye matundu: unapohesabu, unahamisha kijiti tundu kwa tundu. Hata asiyejua kusoma anautumia.

Linaloniuma ni dawa za mkopo. Zinaletwa zimechelewa, na kwa kuwa deni lake litakatwa kwenye mauzo, mkulima anaona akiziacha amepata hasara. Basi anapulizia hata pamba iliyokwisha kupasuka! Mkulima apewe dawa kwa alichokihesabu shambani, siyo kwa ekari alizoandikisha.

Na masalia ya pamba baada ya mavuno tuyang'oe na kuyachoma kabla ya Septemba 15 kama sheria inavyotaka. Mikoa ya kusini ilikatazwa kulima pamba tangu enzi za mkoloni kwa sababu ya funza mwekundu, mdudu mwingine wa pamba, na sisi bado tunaacha miti ya pamba imesimama hadi mvua za vuli.

Wapo wanaoniambia pamba bila dawa nyingi haiwezekani. Waende wakaone wenzetu wa kilimo hai, wasiotumia dawa za viwandani, humu humu Meatu, ambao tangu miaka ya 1990 wanapanda alizeti katikati ya pamba ili funza wavutiwe huko.

Msimu uliopita nilimchongea baba mdogo ubao wa mninga. Jumatatu moja akanipigia simu: "Mwanangu, mimea 30, funza wawili tu. Bomba nimelirudisha stoo."