Mapeni Yangu Ukutani

Sikukamatwa. Naanza na hilo kwa sababu swahibu yangu wa Kibokoni, hapa Mombasa, tangu jana usiku anawaambia watu barazani kwamba nilitolewa kwenye ukumbi wa semina ya kodi nikiwa na pingu. Uongo mtupu. Nilitoka kwa miguu yangu, kwa mlango wa nyuma, mbio.

Mnanijua: mchana nimeajiriwa, jioni nauza mapeni ya kale. Ndururu na senti kumi za tundu za Afrika Mashariki, noti za Kenyatta, ile sarafu ya shilingi 40 ya mwaka 2003. (Nyinyi mnaoniandikia faraghani kuuliza bei, ngojeni kwanza, nina uchungu.)

Basi mtaani kukawa na semina ya bure ya kodi, maana tarehe 30 Juni, siku ya mwisho ya kupeleka ritani (taarifa ya kodi ya mwaka), inabisha hodi. Mwalimu ni mama mmoja mhasibu, mpole, sauti ya chini. Akauliza nani ana biashara ya pembeni. Mikono ikainuka: mama wa mahamri, kijana wa vifuniko vya simu. Mimi nikakunja mikono nikasema kwa sauti, "Mimi mshahara tu, mwalimu." Hakuna aliyeniuliza mimi.

Mara tarakilishi yake ikakosa mtandao. Akaomba mtu mwenye bando aingie iTax, tovuti ya kodi ya serikali, kwa simu yake, iunganishwe na projekta. Nani aliruka? Mjuaji wenu.

Sasa nisikilizeni polepole, maana hapa ndipo nilipokufa.

Ukuta mweupe, watu kama arubaini. Ukurasa wa ritani zangu ukafunguka. Mistari mitatu, miaka mitatu, yote imeandikwa sifuri. Mwalimu akaitazama, akanitazama. "Kaka, si umesema una mshahara? Ritani ya sifuri ni ya mtu asiye na kipato kabisa. Mwajiri anakukata kodi kila mwezi, anakupa P9, fomu ya mshahara wako na kodi uliyokatwa, unayajaza yale yaliyo kwenye P9. Kukatwa kodi si kufaili ritani." Nikacheka kidogo. Nikacheka peke yangu.

Ndipo simu ikalia *ting*, na juu ya ukuta, herufi kubwa kama bango la matanga, ukashuka ujumbe: "Mzee wa Mapeni, ile senti 10 ya 1936 nimetuma 1,500. Zile tatu za jana niwekee." *Ting* ya pili ilikuwa M-Pesa, inathibitisha. Nikanyosha mkono kuizima, kidole kikateleza kwa jasho, ujumbe ukafunguka wote, na mazungumzo yote ya mwezi mzima: bei, bei, bei. Shati lilinigandia mgongoni kama karatasi ya viazi karai. *Ting* ya tatu. Mke wangu. "Baba, kasikize tu. Habari za mapeni usiwaambie."

Mama wa mahamri alicheka mpaka akashika ukuta. Mzee mmoja nyuma akauliza, "Mjukuu wangu, hiyo ya 1936 ni ya mfalme yupi?" Nami, mjinga, nikajibu! Edward wa Nane, aliyekaa kwenye kiti chini ya mwaka mmoja. Sarafu za tundu hazikuwa na kichwa cha mfalme, ndiyo maana jina lake likawahi kuchapwa. Nikamaliza kuthibitisha kwamba biashara naijua.

Mwalimu hakunikemea, na hilo ndilo liliniuma. Alichukua kalamu akanifanya mfano. Kuuza mara moja kikasha alichokuachia bibi si biashara. Kununua ili uuze, kila wiki, ni biashara, hata kama duka lako ni mfuko wa suruali. Mauzo ya mwaka yakizidi milioni moja bila kuvuka milioni 25, kuna TOT, yaani kodi ya mauzo, 3% ya mauzo ghafi, kabla ya gharama, kila mwezi ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Chini ya milioni, faida inaingia kwenye ritani ya mwaka pamoja na mshahara.

"Umeuza ngapi mwaka mzima?" 286,000. "Umenunua ngapi?" 210,000. Na bahasha, albamu na usafirishaji, 18,000. Nikatoa haraka: faida 58,000! Akatikisa kichwa. "Na yaliyobaki kwenye albamu?" Ya 74,000. "Hayo hayajawa gharama mpaka yauzwe." Basi gharama ya yaliyouzwa ni 136,000, na faida ni 132,000. Kwa mshahara wangu wa 45,000 kwa mwezi, kila shilingi ya juu inakatwa 30%, yaani kodi ya faida hiyo ni 39,600. Ukumbi ukaguna kwa niaba yangu.

"Na ankara za ununuzi za eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa watoza kodi?" Yule bibi wa Bondeni aliyeniuzia mapeni kwenye kopo la Blue Band, ankara! Kumbe tangu Januari 2024, gharama ya biashara isiyo na ankara ya eTIMS inaweza kukataliwa. Hapo ndipo nilipouona mlango wa nyuma.

Yaliyofuata ni mafupi. Nimeanza kurekebisha ritani huko huko iTax, na kodi inayochelewa huongezwa 5%, na riba ya 1% kila mwezi. Nimetoa namba ya malipo, nimelipa kipande, mke hanisemeshi. Daftari nimenunua: tarehe, bei ya kununulia, bei ya kuuzia. Nalitunza miaka mitano.

Leo asubuhi yule mzee amenipigia. Anataka senti ya 1936, na anataka ankara. Nimebonyeza *222# ya eTIMS mara mbili nikikosea, ya tatu ikakubali.

Zile tatu za jana bado zipo. Bei ni ile ile.