Wa kwanza, wa pili, na yule wa 34

Mwaka 2009 klabu ya Melbourne ilishinda mechi 4 tu msimu mzima, na mashabiki wake walikuwa na sababu ya kufurahi. Katika AFL, ligi ya kandanda ya Kiaustralia ambayo si soka la kawaida, anayeburuza mkia ndiye anayetangulia kuchagua. Kila mwisho wa mwaka hufanyika drafti: vijana wa miaka 18 hivi kutoka nchi nzima hugawiwa klabu kwa zamu, kuanzia timu ya mwisho hadi bingwa. Kwa kuwa Melbourne ilikuwa hoi miaka miwili mfululizo, kanuni za wakati huo ziliipa nafasi ya ziada. Ikawachukua Tom Scully, wa kwanza, na Jack Trengove, wa pili. Baadaye, nafasi ya 34, ikamchukua kijana mrefu anayeitwa Max Gawn. Hilo halikumshughulisha mtu.

Nimeanza na majina hayo matatu kwa sababu mjadala wa kuvunja kikosi na kuanza upya na damu changa huwa unaendeshwa kana kwamba jibu liko kwenye namba ya kuchaguliwa. Ukishika nafasi ya kwanza umeokoka. Wanaouamini mpango huo wana hoja, tena nzito.

AFL haifanani na ligi za soka tulizozoea. Hakuna kushuka daraja, kwa hiyo kushika mkia hakuui klabu. Mishahara ina kikomo kwa kila timu, na mchezaji hauzwi kwa fedha: klabu hubadilishana mchezaji kwa mchezaji, au mchezaji kwa nafasi ya drafti. Tajiri hawezi kushusha mamilioni akanunua ubingwa. Nyota ukimtaka, mara nyingi itabidi umlee mwenyewe. Klabu iliyokwama katikati ya jedwali, haishindi kombe wala haipati vijana bora, inaweza kuzeeka papo hapo.

Mfano wao mkubwa ni Hawthorn. Katika drafti ya 2004 ilipata Jarryd Roughead nafasi ya 2, Lance Franklin ya 5 na Jordan Lewis ya 7. Kocha mpya, Alastair Clarkson, akawapa muda uwanjani, na mwaka 2008 wakaifunga Geelong kwenye fainali kuu. Mashina hayo yakazaa tena makombe ya 2013, 2014 na 2015. Ukiwa shabiki wa timu inayopigwa kila Jumamosi, hadithi hiyo inakutosha kuvumilia miaka mitatu.

Ila miaka mitatu huwa haiishi. Carlton ilichagua wa kwanza mwaka 2005, 2006 na 2007, mara tatu mfululizo, na kombe lake la mwisho limebaki lile la 1995.

Melbourne yenyewe iliumia zaidi. Tarehe 30 Julai 2011, Geelong iliifunga pointi 233 kwa 47. Tofauti ya pointi 186, katika mchezo ambao goli ni pointi 6. Kocha Dean Bailey akafukuzwa. Mwisho wa msimu Scully akaondoka kwenda GWS, klabu mpya ya Sydney Magharibi, kwa mkataba mnono. Trengove akafanywa nahodha mwenza akiwa na miaka 20, kijana kuliko nahodha yeyote katika historia ya ligi. Wakati ule watu walilisifu jambo hilo. Mimi naliona ni ushahidi dhidi ya klabu: ilikuwa imewaondoa watu wazima kiasi gani, hata mzigo ule ukamwangukia mtoto? Baadaye mguu ukamsumbua, akakosa karibu misimu miwili. Na ili kukamilisha aibu, mwaka 2013 ligi ikaitoza Melbourne faini ya dola 500,000 kwa mambo yaliyofanyika msimu ule wa 2009, ingawa ilisema haikuthibitika kwamba timu ilipoteza mechi kwa makusudi.

Kuna jambo la mwili ambalo takwimu za jedwali hazilionyeshi. Kiungo wa AFL hukimbia kilomita zaidi ya 12 kwa mechi, na katikati ya mbio hizo hugongwa na wanaume wenye miaka kumi ya mazoezi ya vyuma. Kijana wa miaka 18 anaweza kuwa na kipaji cha ajabu na bado mabega yake hayajakomaa. Warefu ndio huchelewa kabisa. Wengi huhitaji miaka minne au mitano. Ukiwaweka vijana kumi kama hao pamoja, hakuna wa kuwakinga. Wanajifunza kufungwa, na kufungwa nako kukizoeleka huwa tabia.

North Melbourne iliijaribu njia hiyo kwa ukali. Mwisho wa 2020 iliachana na wachezaji 11 kwa mpigo. Mwaka uliofuata ikashika mkia, ikamchagua wa kwanza Jason Horne-Francis, naye akacheza msimu mmoja tu kisha akaomba kurudi kwao Australia Kusini, Port Adelaide. Tangu 2020 hadi 2025 North haikuwahi kumaliza juu ya nafasi ya 16 kati ya timu 18. Wapo vijana wazuri pale, Harry Sheezel mmojawapo, na huenda wakachanua. Lakini wamelipa gharama ambayo Geelong haikuwahi kulipa. Geelong ilitwaa kombe la 2022 kwa kikosi chenye umri mkubwa kuliko bingwa yeyote aliyetangulia, baada ya miaka mingi ya kuchomeka kijana mmoja mmoja kando ya wakongwe.

Miongoni mwa walioruhusiwa kuondoka North mwaka 2020 alikuwa Ben Brown, mfungaji aliyekuwa amefikisha magoli zaidi ya 60 katika misimu mitatu mfululizo. Alikwenda wapi? Melbourne. Na Septemba 2021 alikuwa uwanjani Perth Melbourne ilipoichapa Western Bulldogs kwa pointi 74 na kubeba kombe la kwanza tangu 1964.

Kikosi kile ndicho kinachonifanya niegemee upande mmoja. Ndiyo, kilikuwa na vijana waliochaguliwa mapema: Christian Petracca nafasi ya 2, Clayton Oliver ya 4. Ila kabla yao kocha Paul Roos, alipokuja kuanza msimu wa 2014, aliwaleta watu wazima kama Daniel Cross na Bernie Vince, ambao hakuna aliyewadhania watashinda ubingwa. Kazi yao ilikuwa kuonyesha mazoezi yanafanywaje. Ulinzi uliongozwa na Steven May na Jake Lever, waliotoka klabu nyingine. Aliyepokea kombe kama nahodha alikuwa Gawn, yule wa nafasi ya 34, baada ya miaka kumi na zaidi na majeraha ya goti. Hao wa nafasi za chini hawaishi: Aliir Aliir, aliyezaliwa kambi ya Kakuma nchini Kenya kwa wazazi wa Sudan Kusini, alichukuliwa nafasi ya 44, na mwaka huohuo wa 2021 akatajwa katika kikosi bora cha ligi.

Kwa hiyo kuchagua vijana sina tatizo nako. Tatizo langu ni kufagia nyumba nzima kwanza.

Sasa zamu ni ya Richmond. Baada ya kushika mkia 2024 iliwaachia waondoke Shai Bolton, Daniel Rioli na Liam Baker, ikajaza kapu la vijana, wa kwanza wao Sam Lalor. Lakini ilimbakiza mkongwe Tom Lynch. Lynch na May waliwahi kuwa manahodha wenza wa Gold Coast, timu iliyozaliwa 2011 ikiwa na makinda wengi, na wote wawili waliihama mwaka 2018. Gold Coast ikasubiri hadi 2025 kuonja hatua ya mtoano. Lynch anajua chumba cha kubadilishia nguo kilichojaa watoto kinanukaje.