Mshahara umepanda, ngwe je?

Tangu Januari 1, 2026 wastani wa kima cha chini cha mshahara sekta binafsi Tanzania umepanda kutoka shilingi 275,060 hadi 358,322. Wastani, lakini. Kila sekta ina kiwango chake, na kilimo kiko chini: katika amri ya mishahara ya 2022 kilipewa 140,000 tu.

Waajiri wanasema watapunguza watu. Mama ntilie wa Ngamiani, Tanga, mwenye msichana mmoja jikoni na mwingine wa kuosha vyombo, hawezi kupandisha bei ya wali maharage wakati jirani anauza ileile. Akibanwa atabaki na mmoja. Ila nani atambana? Wasichana wale hupokea chao jioni, mkononi, bila mkataba.

Upande wa pili una ushahidi wa mbali. Jimbo la New Jersey, Marekani, lilipandisha kima kutoka dola 4.25 hadi 5.05 kwa saa mwaka 1992; wachumi David Card na Alan Krueger wakalinganisha migahawa yake na ya jirani zao Pennsylvania, wasione ajira kupungua. Wachumi wengine waliwapinga vikali, na mgahawa wa Marekani si shamba la Muheza.

Wapo wanaodai mishahara ndiyo iliyoua mkonge wa Tanga. Siafiki. Mwaka 1964, mishahara ikiwa imeshapanda, nchi ilizalisha takriban tani 230,000, kiasi ambacho hatujakifikia tena. Kilichovunja bei ni kamba za plastiki.

Ninachokiogopa mimi ni ngwe, yaani kipimo cha kazi ya siku moja. Jani la mkonge hukatwa kwa kisu, hutolewa mwiba wa ncha, hufungwa mafungu ya majani 30. Mkataji halipwi kwa saa. Siku yake hutimia akimaliza ngwe. Tajiri asiyetaka gharama mpya hana haja ya kumfukuza mtu, maana bila mkataji korona, mashine ya kusaga majani, haina cha kusaga. Anaongeza mafungu, basi. Aliyekuwa akirudi kambini saa sita atarudi saa tisa, karatasi ya malipo ikionyesha sheria imefuatwa, na takwimu za ajira zikionyesha hakuna aliyeachishwa.

Naunga mkono nyongeza. Hela ya mkataji huishia kwenye unga, dagaa na ada za hapahapa Tanga. Lakini afisa kazi akifika shambani, kabla hajafunguliwa jalada ofisini, apite kwanza mistarini akahesabu mafungu.