Pasta ya uyoga: kalori 13 kati ya 1,060

Mikahawa mingi ya Westlands na Kilimani jijini Nairobi huiweka pasta ya uyoga kwenye orodha ya wasiokula nyama, na mteja huiagiza akiamini amejichagulia chakula chepesi. Wengine huibeza: uyoga ni maji, pasta ni wanga, heri ugali na sukuma. Kila upande umeshika ncha moja ya kweli, ila uyoga ndio unaopewa sifa isiyo yake leo na lawama isiyo yake kesho.

Chukua sahani nono ya mkahawani: pasta kavu gramu 120 (kalori 445), krimu nzito mililita 100 (340), siagi gramu 20 (145), jibini gramu 30 (120), uyoga gramu 60. Uyoga huo una kalori 13. Kumi na tatu, kati ya 1,060 hivi! Hata ukiuongeza mara mbili, haufiki asilimia 3 ya chakula kinachoitwa kwa jina lake. Mafuta yanakaribia gramu 60, na zaidi ya 35 ni ya ile aina inayoganda, ambayo Shirika la Afya Duniani hushauri isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani kama gramu 22 kwa anayekula kalori 2,000. Anayelalamika kwamba chakula hiki kinanenepesha hajakosea. Amemkamata mtu asiyehusika.

Wanaobeza wana hoja nzito zaidi kwenye protini. Gramu 100 za uyoga mweupe mbichi zina protini gramu 3 tu, madini ya chuma nusu miligramu, na vitamini B12 karibu na sufuri. Ili upate protini ya gramu 100 za nyama ya ng'ombe isiyo na mafuta, utahitaji uyoga zaidi ya gramu 600. Kwa hiyo kuuita nyama ya mboga ni kuudanganya mwili. Hoja ya wanga ni dhaifu zaidi: pasta iliyoepuliwa ikiwa bado na ugumu kidogo katikati humeng'enywa polepole kuliko mkate mweupe.

Lakini gramu 100 hizohizo zina kalori 22, potasiamu miligramu 318, vitamini B2 miligramu 0.4 na B3 miligramu 3.6, pamoja na madini ya shaba na seleni. Uyoga una pia glutamati, ile ladha inayofanya mchuzi uonekane mzito bila chumvi nyingi. Hapo ndipo thamani yake halisi ilipo: unaruhusu vingine vipunguzwe. Krimu nyingi jikoni huja kuficha uyoga uliopikwa vibaya. Zaidi ya asilimia 90 ya uyoga ni maji. Ukirundika gramu 400 kwenye kikaango kimoja na kutia chumvi mapema, maji hutoka kwa pamoja, uyoga unachemka badala ya kukaangika, unakuwa wa kijivu na kutafunika kama mpira. Mpishi anakimbilia krimu.

Dawa yake ni rahisi. Suuza haraka, usiloweke. Kausha, kata vipande vya nusu sentimita, tandaza safu moja kwenye kikaango chenye moto mkali. Maji yakitoka, yaache yakauke humohumo; ukiyamwaga unamwaga vitamini B. Uyoga ukianza kuwa kahawia, ndipo utie mafuta vijiko viwili vya chai, kitunguu saumu, kisha chumvi.

Geuza na vipimo: pasta kavu gramu 80, uyoga 200, minji 60, maziwa mililita 50 na vijiko vichache vya maji ya pasta kufunga mchuzi. Jumla ni kama kalori 510, protini gramu 21. Sahani ya mkahawani ina protini kama gramu 30, hilo tukubali, ila theluthi yake ni ya jibini na nusu ni ya pasta yenyewe. Asiyekula nyama kabisa aongeze yai, kwa sababu ya B12.

Uyoga wa kopo ni hadithi nyingine: sodiamu yake hupita miligramu 400 kwa gramu 100, wakati mbichi ina 5 hivi, na sehemu ya vitamini B imebaki kwenye maji ya kopo.

Jambo moja linalosahaulika hata na wanaoutetea: uyoga uliokatwa ukianikwa kwenye jua la saa sita kwa nusu saa hadi saa moja hujitengenezea vitamini D, mara nyingi mikrogramu 10 au zaidi kwa gramu 100, na sehemu kubwa hustahimili kupikwa. Uanike nje, kwenye roshani au juu ya paa. Nyuma ya kioo cha dirisha hautapata kitu, maana kioo huzuia miali inayofanya kazi hiyo.